Pembe Kabla ya Maji

Na lile swali uliloniuliza jikoni mchana, umeshika mwiko, ukatoka kabla sijafungua mdomo, bado linanizunguka. "Nani atakuangalia, mama?" Kisha nikakusikia chumbani unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Nimezaa mtoto mmoja tu, Nakundwa, na hata sauti ya zipu yake naielewa. Ile ya kufungua ilikuwa ndefu kuliko ya kufunga.

Nakujibu kwa kalamu kwa sababu nikija chumbani kwako nitalia, na nikilia wewe utaanza kutoa nguo kwenye begi. Tumeshafanya hivyo mimi na wewe, si mara moja. Kwa hiyo nimekaa hapa barazani, jua linashukia upande wa tambarare, Eliapenda amekwenda kuziba ndiva, lile bwawa la mfereji wetu, na nina muda mpaka atakaporudi. Barua hii nitaiingiza ndani ya kile kitenge cha njano, chini kabisa ya begi. Ukiiona kabla basi halijapita Korogwe, ikunje uirudishe ulipoitoa. Nakujua. Ukiisoma ukiwa bado stendi ya Same, utashuka.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutoshika pochi mkononi pale Ubungo, sitayaandika. Unayajua, na hata usipoyajua utayajua kwa wengine. Ninayotaka kuyaandika hakuna mwingine wa kukwambia.

Nianze na hofu, maana ndiyo iliyojaa leo. Naogopa breki za basi. Naogopa pikapu ya alfajiri isije, na naogopa ije. Naogopa hao walimu wa idara utakaosimama mbele yao wiki ijayo uwaeleze kazi unayotaka kuifanya, ili waseme kama unabaki kusomea shahada ya pili au unarudi. Lakini zaidi ya yote naogopa kile ulichokisema juzi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Kwani lazima niende? Mkuu wa shule hapa amesema vipindi vya biolojia vipo. Nitafundisha, nitakuwa karibu na wewe." Uliposema "karibu na wewe", ulimtazama Eliapenda mgongoni. Alikuwa anapasua kuni. Hakukuona, ila mimi nilikuona.

Niache nikwambie habari za huyu mume wangu. Niache niliandike tena: mume wangu. Naona haya, mwanangu, mama mzima mwenye mvi anaandika kama msichana wa kidato cha pili. Lakini tangu tulipotoka kanisani, mimi nikiwa na vile viatu vya mtumba vya Same vilivyonibana kidole, kila siku naamka nikishangaa. Anaamka kabla yangu, anawasha moto, anabandika maji yangu ya kuoga. Hajawahi kuambiwa. Parachichi la kwanza kuiva mtini hulifunga kwenye jani la mgomba na kuliweka juu ya mto wangu, kama yai la kuku anayetagia ndani. Akirudi kutoka ndiva anapiga mluzi kwenye kona ya mfereji, na mimi nabandika chai. Majirani wakisikia mluzi ule wanacheka. "Mama Nakundwa, gari moshi lako limefika!" Wacha wacheke. Nilikaa miaka mingi bila kusikia kitu kinachokuja kwa ajili yangu.

Na hiyo furaha ndiyo inayonitia hofu kuliko basi. Baba yako nilimpenda. Alishuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge akiwa mzima, akarudishwa akiwa na homa, na ile miaka zahanati ilikuwa na muuguzi lakini haina dawa. Ulikuwa darasa la tano. Tangu hapo kitu kizuri kikinijia, nakitazama mlangoni kwanza kama hakijafuatana na mwenzake. Eliapenda akichelewa kidogo tu kule ndiva, nimeshamzika. Nakwambia haya usije ukadhani kwamba kwa kuwa ninacheka sana siku hizi, sijui ninachoweza kupoteza. Najua.

Sasa twende kwenye jioni ile ya jikoni, maana ndipo nilipoelewa mambo mengi kwa mara moja.

Ulikuwa unajaribisha maneno yako ya kuwaambia walimu. Mimi nilikuwa nachambua maharage, Eliapenda amekaa kwenye kigoda anakarabati mpini wa jembe. Ulianza vizuri. Ukasema seli si kama tulivyofundishwa sisi zamani. Na kweli, mimi kidato cha pili nilichora duara, nikaweka kiini katikati, mwalimu akasema kilichobaki ni ute, nikakipaka rangi ya njano, basi. Wewe ukasema huo ute una nyuzi, nyingine ngumu kama nguzo, nyingine nyembamba zinazojengwa na kubomolewa kila wakati, na zote pamoja ndizo kiunzi cha seli, ndizo zinazoipa umbo na kuisogeza. Ukasema humo ndani kuna vifuko vidogo vya utando vinavyobeba mizigo: vingine vinatoka kilipotengenezwa kitu kwenda ukingoni, vingine vinarudi na kilichomezwa kutoka nje. Ulichukua maharage yangu ukayapanga mezani yawe vifuko, ukavuta uzi wa gunia uwe njia.

Halafu ukafika kwenye protini zako ndogo, ukashikwa na kigugumizi.

Nilichokipata ni hiki, na kama nimekosea utanisamehe. Kila moja ya protini hizo ni kama swichi. Ikishika ile chembe ya nishati uliyoiita GTP, inaamka, inajishikiza kwenye utando, inaanza kuita wengine. Ikiikata ile chembe, inalala, inaachia utando, inakwenda kusubiri. Kuna ukoo wake unaoshughulika na vifuko, kujua kipi kiende wapi na kishikane na nani. Kuna ukoo mwingine unaoamrisha zile nyuzi zijengwe, hapa pasukumwe mbele, pale pabomolewe. Mpaka hapo ulikuwa sawa. Ulipofika kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyounganishwa, kifuko na njia, yasiende kila moja kivyake, ulisema sentensi moja mara tatu, kisha ukatupa uzi mezani.

"Mimi siwezi," ukasema. "Wataniuliza hapo hapo, na hapo hapo ndipo ninapokwama."

Eliapenda hakunyanyua macho kwenye mpini. Akauliza tu, yeye mshika pembe wetu wa mfereji, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Ehe. Sasa huyo anayefungua maji, ndiye huyo huyo anayepuliza pembe?"

Ukamgeukia. Tangu tufunge ndoa ulikuwa unampa shikamoo asubuhi na "asante" mezani, ukimaliza hapo umefunga duka. Jioni ile ulimgeukia mwili mzima.

"Hapana, baba," ukasema. "Si huyo huyo kila mara. Wakati mwingine ni mmoja, amekaa kwenye kifuko, anaita gari la kukivuta kwenye uzi. Lakini mara nyingi ni wawili wa koo mbili. Mmoja akiamka anamwamsha mwenzake. Na kuna wengine kazi yao ni kuwalaza tu, maana wakiachwa wenyewe wanachelewa kulala."

"Kumbe," akasema. "Basi nimekosea. Nilidhani ni mimi."

"Si wewe peke yako, baba. Ni wewe na jirani yetu Mama Elinuru na mzee wa mfereji, mkielewana."

"Na tusipoelewana?"

"Basi seli inapata shida."

"Hapa hatuhitaji seli," akasema. "Njoo Jumatano kwenye kikao cha mfereji uone."

Ukacheka! Ukaokota uzi, ukaanza upya, na mara hiyo ulifika mwisho bila kukwama. Mimi niliendelea kuchambua maharage yale yale ambayo nilikuwa nimeshayachambua, kwa sababu sikuyaona mawe wala maharage. Ile "hapana, baba" ndiyo zawadi ya harusi niliyokuwa naingojea. Sijui kama uliisema kwa kukusudia au kama unavyomwita kila mzee. Sitakuuliza. Ila yeye aliisikia, maana mpini ule alioukarabati umekaa upande hadi leo.

Sasa nikueleze kwa nini swali lake la pembe na maji lilinichoma mimi kuliko wewe. Kuna jambo hukulijua lote, ulikuwa mdogo.

Ndiva yetu unaijua. Jioni tundu linazibwa kwa jiwe na magome ya mgomba na udongo, maji ya kijito yanajikusanya usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa nguvu, yanafika mpaka mashamba ya chini ambako kijito chenyewe kisingefika. Na unajua kwamba kabla ya kufungua, pembe inapulizwa. Watu wote wa mfereji wanatoka na majembe, huyu anatoa majani, yule anaziba mchepuko usio na zamu, mwingine anapiga udongo kwenye kingo. Maji yanapokuja yanakuta njia. Ndiyo desturi, na mtoto wa hapa anaijua kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka uliofuata kifo cha baba yako ulikuwa mwaka wa njaa. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni tulikuwa tunakata kwa uzi, tunafulia majani ya mpapai. Nilipanda maharage kwenye lile shamba la chini kwa mbegu za mwisho, na mvua ikakatika. Zamu yangu ya maji ilipofika, mzee aliyekuwa anashika pembe wakati huo alichelewa. Nilisimama kando ya ndiva na jembe langu, jua linapanda, naona maji yamejaa mpaka juu, na kichwani naona maharage yangu yanavyonyauka jani kwa jani. Nikasema, wao wana waume wa kusubiri, mimi nina nani? Nikashika lile jiwe nikalivuta.

Lo, mwanangu. Yalitoka kama ng'ombe wanaofunguliwa zizini. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara chache tu. Nikaanza kukimbia mbele yake, nikitoa majani kwa mkono, na maji yanakimbia kuliko mimi. Pale kwenye kona ya mkuyu mfereji ulikuwa umeziba kwa matawi. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeitwa. Maji yakapanda, yakapasua ukingo, yakamwagika yote, yote kabisa, kwenye bustani ya Mama Elinuru. Alikuwa na vitunguu vichanga. Vilielea kama nywele.

Mama Elinuru alitoka, akavitazama, akanitazama. Akasema, "Mama Nakundwa, umeniletea bahari. Na samaki wako wapi?"

Shamba langu halikupata hata tone.

Wazee walikaa. Unajua sisi Wapare na kesi. Jambo ambalo wengine wangelimaliza kwa kusema pole, sisi tulilimaliza jua likizama. Uamuzi ukawa kwamba msaragambo uitwe, watu wote wajenge kona ile upya, na mimi niwapikie makande wajenzi wote. Mwaka wa njaa! Nilitoa mahindi niliyokuwa nimekuwekea wewe, nikaazima maharage, nikavitia vyote chunguni kwa pamoja kwa sababu kuni zilikuwa chache na akili ilikuwa imeniruka. Watu wakala wakinyamaza. Kulikuwa na mwanaume mmoja kijana kidogo, mjane kama mimi, amelowa matope mpaka kiunoni kwa sababu yeye ndiye aliyeingia majini kupanga mawe. Akatafuna, akatafuna. Akasema, "Mama Nakundwa, maharage yameiva, mahindi bado. Wewe kila kitu unakitanguliza kabla ya mwenzake?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilimchukia mtu yule, Nakundwa. Nilimchukia kwa miaka. Na ndiye anayebandika maji yangu ya kuoga.

Ungedhani nilijifunza kwamba pembe hutangulia maji. Sikujifunza hivyo. Nilijifunza vibaya. Nilijifunza kwamba kufungua ni hatari, kwamba aliyefiwa asivute jiwe lolote tena. Nikaziba kila tundu nililolijua. Eliapenda alipokabidhiwa pembe na kuanza kupita kwangu akitembea mbele ya maji, anasafisha mfereji kwa jembe, ananisalimu, mimi nilikuwa najibu nikiwa nimempa mgongo. Alipita hivyo tangu enzi za foleni ya sukari mpaka maduka ya Same yakajaa sabuni za kila rangi, na bado mimi nilikuwa mgongo tu. Mwaka jana ndipo nilipogeuka. Alikuwa na jani kwenye nywele. Nikamwambia, "Una jani." Akasema, "Nilikuwa nalo tangu zamani, hukuniona." Nikabaki pale na jembe kama mjinga.

Lakini jiwe kubwa kuliko yote nililiweka juu yako.

Ulipochaguliwa sekondari ya mbali, kifua changu kilianza kuniuma. Haikuwa uongo, kiliuma kweli. Lakini kiliuma jioni ya kuamkia safari yako, na ukiahirisha kikapona. Ulipokwenda, ulirudi katikati ya muhula ukasema umeota ninaumwa. Nikakukumbatia, nikakupikia, sikukurudisha mpaka mwalimu alipoandika. Ulipokwenda chuo mara ya kwanza, ukasoma ukamaliza, kila likizo nilikuwa nakuonyesha paa linalovuja, mbuzi aliyekufa, mgongo wangu. Sikukwambia ubaki. Sikuwahi kutamka neno hilo. Nilikuwa nakuonyesha tu. Nilikuwa nakufundisha, taratibu, kwamba mama bila wewe ni ukingo uliopasuka.

Na wewe ni mwanafunzi hodari. Ukalijua somo hilo kuliko biolojia.

Ndiyo maana ukauliza, "Nani atakuangalia?" Swali hilo nilikupandia mimi. Na kumbe sasa unatafuta kulitumia kama nilivyokuwa nakitumia kifua changu. Usikasirike. Nasema kwa sababu naijua ile njia, nimeipita. Hao walimu wanakutisha, na hofu hiyo inaomba sababu nzuri ya kubaki nyumbani, na hakuna sababu nzuri mbele za watu kama mama. Hata kanisani watakusifu. "Binti mwema yule, amekataa chuo kwa ajili ya mama yake." Na utazeeka ukiwa umeziba tundu lisilo na maji nyuma yake, na siku moja utaniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuliona.

Ulituambia kitu kingine jioni ile, ulikisema haraka ukapita. Ulisema swichi hizo zikiganda, ni ugonjwa. Ikiganda ikiwa macho, inaita na kuita, seli inaongezeka bila breki, inakuwa uvimbe. Ikiganda ikiwa imelala, hakuna kinachosafiri, mizigo inalundikana mahali ilipotengenezwa. Nilikumbuka maisha yangu, hali zote mbili. Siku moja niliganda nikiwa macho, nikavuta jiwe. Kisha nikaganda nikiwa nimelala, kwa miaka mingi sana. Na sikujiamsha mwenyewe, kama ulivyosema na wao hawajiamshi wenyewe. Alipita mtu mara nyingi mpaka nikaamka.

Nakuomba tu usije ukasimama mbele ya wale walimu ukawaambia habari za ndiva ya mama yako, watakucheka. Au waambie. Sijui. Mimi sijui lugha wanayoitaka. Kama utakwama pale pale ulipokuwa unakwama, tua kidogo kama ulivyotua jikoni. Ulikwama, hukufa, ukaokota uzi. Na kama watasema urudi, utarudi, na mlango huu utakuwa wazi, na hakuna atakayekucheka isipokuwa Mama Elinuru, ambaye anamcheka kila mtu. Ninachokataa ni wewe kurudi kabla hawajasema.

Hapa niseme jambo ambalo mkono unakataa kuliandika. Ulidhani, nafikiri, kwamba nimemleta Eliapenda akae mahali pako. Nilikuona siku ya harusi unahamisha vitabu vyako kutoka chumba kikubwa bila kuambiwa, kimya kimya, kama mpangaji. Nilitaka kukufuata, nikavutwa na wageni. Nilikosea, ningewaacha wageni. Hakuna mtu aliyekaa mahali pako, Nakundwa. Mahali pako pamebaki pale pale, tena safari hii ni mahali pa mtoto, pa kulala mpaka jua litoke na kulalamika kwamba chai ni baridi. Zamani nilikuwa nimekuweka mahali pa mume, pa baba, pa nguzo ya kati. Ulikuwa na umri wa kuruka kamba. Nisamehe kwa hilo, na kama huwezi leo, nisamehe ukishapita Chalinze.

Naye ataniangalia, ndiyo. Lakini jibu la swali lako si yeye. Nitajiangalia mimi. Nikiugua nitasema nimeugua, na nikipona nitasema nimepona, na kifua changu hakitaandika barua. Nakuapia hivyo, na asubuhi ulipokuwa unaniaga utakuwa umeniona nimesimama sawasawa, na kama nilishika kifua ujue ni kitenge kilikuwa kinalegea.

Nasikia mluzi. Ngoja.

Amerudi, matope mpaka magotini, amesimama hapa anasoma juu ya bega langu, nami nafunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi. Anauliza, "Unamwandikia nini?"

"Mambo ya mama na mwana."

"Umemwambia habari ya makande?"

"Nimemwambia."

"Na kwamba sasa umejifunza kutanguliza mahindi?"

"Eliapenda, nenda ukaoge."

Hajaenda. Amekaa kwenye ngazi, anafuta pembe kwa kanga yangu safi, na mimi sina hata nguvu ya kugomba, namtazama tu mikono yake. Anasema nikuambie kwamba pikapu ikishapita chini ya ndiva alfajiri, kabla ya lile daraja dogo, utakuwa umesikia pembe. Itapulizwa kwa ajili ya watu wa mfereji, kama kila siku. Lakini atasubiri mpaka aone taa za pikapu ndipo aipulize, hata watu wakilalamika kwamba amechelewa. Anasema ukiikumbuka ujue njia imesafishwa mpaka kona ya mwisho anayoiweza yeye. Zaidi ya hapo, anasema, ni mfereji wako.

Halafu ameniambia kitu ambacho sikukitegemea. Tangu ashike pembe hiyo hajawahi kulala nje ya mlima huu. Leo, huko huko ndiva, amemwomba Mama Elinuru amshikie pembe na jiwe kwa siku chache ili sisi wawili tushuke Dar. Mama Elinuru amesema, "Nitashika. Lakini yule mkeo nenda naye kweli. Asibaki peke yake na ndiva."

Kwa hiyo usishuke njiani. Lifunge begi, kwa zipu ile fupi. Basi letu sisi naliogopa kuliko lako, sijawahi kufika mbali hivyo, na yeye anaogopa ngazi za ghorofa japo hataki kusema. Tutaogopa pamoja. Utakuwa umeshasimama mbele ya walimu wako, utatueleza walichosema, kiwe kizuri au kibaya, nasi tutakaa kitandani kwako hosteli na sufuria katikati, makande ambayo mahindi yake yametangulia. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja, mwanangu. Tutabisha hodi, na safari hii wewe ndiye utakayetufungulia.